Karanga za Nkambo

...na lile la kujifunika kitenge usoni treni ikifika Nyunzu, Sifa, usilifanye. Uliponiambia jana ulikuwa unakunja nguo zako, nami nikageukia jikoni kana kwamba wali unaungua. Wali haukuwa unaungua. Nilikosa uso wa kukutazama nao.

"Mama," ulisema, "unajua mimi siamini mambo ya uchawi. Lakini yule mama wa marehemu Papa, namuogopa tu. Wanasema anauzishaka ndizi pale stesheni kila treni ikipita. Akiniona je?"

Nami, mama yako mwenye diploma ya serikali, nikajibu: "Weka sabuni mbali na vitabu."

Sasa ni saa tisa mchana. Umeenda kuaga wenzako wa shule, Papa Selemani yuko bandarini na injini ya mtu, na mimi nimekaa mezani na daftari lako la mazoezi, lile lililobaki kurasa nyingi nyeupe. Kesho asubuhi unaondoka kwenda kusoma Lubumbashi. Barua hii nitaichomeka ndani ya daftari la biolojia, na juu yake nitaandika uifungue kabla ya Nyunzu. Habari za chandarua, maji ya kuchemsha, ada ya minerval na ufunguo wa sanduku amekuandikia Papa Selemani, karatasi nzima, kwa herufi kubwa kama zile anazochora kwenye mitumbwi. Mimi nina jambo moja. Nkambo wako hakuua mtu. Hakumloga kaka yako Ilunga, hakukuloga wewe. Nimelijua hilo miaka tisa, na nimekuacha ukue ukimwogopa mama wa baba yako kwa kosa langu mimi.

Nimeliandika, na nyumba haijaanguka.

Ngoja kwanza nikuambie juu ya furaha yangu, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nishindwe kuendelea kunyamaza. Wiki saba tangu ndoa, na bado nikisikia viatu vya Papa Selemani mlangoni nacheka peke yangu. Umenicheka: "Mama, unachekacheka kama mutoto wa sekondari." Ni kweli. Anapitia sokoni akirudi, ananiletea papai moja, lililoiva upande mmoja, na kulibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Ananiita Bibi Arusi mbele ya wapagazi wote wa bandari, na wao wanamwitikia. Ana harufu ya mafuta ya injini ambayo sabuni haiimalizi, na mimi, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, nainusa fulana yake kabla ya kuifua. Nampenda mpaka naona haya. Lakini si aibu yote hiyo ni ya mapenzi, mwanangu. Nyingine ni ya kuwa na furaha wakati mtu fulani amelala peke yake kule Nyunzu, kwenye nyumba ambayo majirani hawaingii.

Unaikumbuka siku ya karanga? Ilikuwa kabla ya mtihani wako wa serikali. Nilikuwa namenya karanga kwenye ungo uani, na wewe ulikuwa unasoma kwa sauti, ukikwama, ukianza tena. Papa Selemani alikuwa bado mchumba, amekuja na sababu ya kutengeneza bawaba ya mlango ambayo haikuwa imeharibika. Ukachoka na daftari, ukachota karanga zangu.

"Angalia, Mama. Kila ganda lina punje mbili. Moja alfa, moja beta, zimeshikana. Hii njo tubulini."

Ukazipanga kwenye karatasi, ganda nyuma ya ganda, alfa ya moja ikigusa beta ya nyingine, zote zimetazama upande mmoja. Mstari mmoja, kisha mwingine kando yake, mpaka ikawa mistari kumi na mitatu. Ulizibandika kwa uji mzito wa muhogo, tukasubiri jua likaushe, ukaikunja karatasi ikawa mrija, tupu katikati kama bua la jani la mpapai. Ukauinua juu kama mtu aliyevua samaki mkubwa.

"Hii ndiyo mikrotubuli. Ndani ya kila seli yako iko mingi, Mama. Mifupa ya seli. Lakini mfupa wa kwako umekaa tu. Hii haikai. Inajengwa, inabomoka, inajengwa."

Papa Selemani alinyoosha mkono, akabandua karanga moja ya mwisho, akaitafuna.

"Papa Selemani! Umekula mifupa ya seli yangu!"

"Basi seli yako inataka chumvi," alisema.

Nilicheka mpaka machozi. Nakuandikia haya ili ujue kwamba nilikuwa nimekaa pale nikisikiliza kila neno, wala si kwamba sikuelewa. Nilielewa kuliko ulivyotaka. Ulisema mrija una ncha mbili zisizofanana. Moja imeshikwa karibu na kiini cha seli, haina haraka. Nyingine inatazama nje, na huko ndiko inakokua. Kila jozi mpya inafika imebeba nguvu yake kidogo, na maadamu jozi mpya zinazidi kufika upesi, ncha inakuwa na kofia, mrija unasimama. Jozi zikichelewa, kofia inakwisha. Hapo ile mistari kumi na mitatu inafunguka kama ganda la ndizi na mrija wote unaanguka kwa mara moja. Vipande havitupwi. Vinajengea mrija mwingine, upande mwingine. Papa Selemani akauliza seli inatafuta nini kwa kujenga na kubomoa hivyo, ukamjibu kwamba inapapasa tu, kama mtu anayetafuta mlango chumba kikiwa na giza, mpaka mrija mmoja uguse kitu cha kushika.

Ukatuambia pia juu ya wapagazi. Kwamba juu ya mirija hiyo zinatembea protini zenye miguu miwili, hatua kwa hatua, mzigo kichwani. Wengine wanapeleka mizigo nje, wengine wanarudisha ndani. Kwamba mshipa wa fahamu unaotoka mgongoni mpaka kidole cha mguu una njia hizo ndani yake, na bila wapagazi ncha yake ingekufa njaa.

"Hao njo sisi wa bandari," alisema Papa Selemani. "Wanalipwa?"

"Kila hatua moja, Papa. Papo hapo."

"Basi wametushinda."

Halafu ukaja kwenye seli inayotaka kuwa mbili, na hapo ulisimama kabisa, ukaacha daftari chini. Seli inaivunja mirija yake ya kila siku, ulisema, na kujenga mingine kutoka pande mbili. Inazishika kromosomu zilizojipanga katikati na kuzivuta, nusu huku, nusu huku, bila kukosea hata moja. Utumbo unajifanya upya kwa njia hiyo. Damu pia. Nywele pia. Ulikuwa na uso wa mtu aliyependa, Sifa. Nilijitambua mimi mwenyewe ndani yake.

Na kwa uso huo huo ukasema: "Lakini kuna sumu, Mama. Kolkisini. Inaikamata tubulini kabla haijajiunga na mrija. Mirija ya zamani inabomoka na mipya haijengwi. Kromosomu zinajipanga, seli inangoja kamba za kuzivuta, inangoja, kamba haziji. Inakufa ikingoja. Zile seli zinazogawanyika kwa haraka ndizo zinaanza. Mtu anatapika, anaharisha, halafu siku mbili tatu anaonekana amepona. Ndani hajapona. Damu inakwisha, viungo vinashindwa. Akiwa na bahati ya kula kidogo anaishi, lakini nywele zinaanguka zote, kisha zinaota tena. Na ajabu ni kwamba kipimo kidogo kabisa madaktari wanatoa kama dawa. Inatoka kwenye mmea ulio hapa kwetu, porini. Ona."

Ukanionyesha simu. Ua lenye majani mekundu yaliyogeukia juu kama moto wa kuni, njano pembezoni. Na chini yake picha ya mzizi, umepinda kama kidole kilichokunjwa.

Nikasema moshi umeniingia machoni. Hakukuwa na moto uani siku ile.

Sasa sikia kile ambacho hukumbuki vizuri, kwa sababu ulikuwa na miaka tisa na njaa.

Tulikuwa Nyunzu, kwa watu wa baba yako. Mimi nilizaliwa hapa Kalemie, kwenye nyumba ya wafanyabiashara wa ziwani, sikushika jembe mpaka nilipoolewa. Nkambo wako alinitania tangu mwaka wa kwanza. "Mwanamuke wa ndagala," aliniita, kwa ajili ya dagaa wa ziwani kwetu, "jembe si kijiko, inama." Wenzake walicheka. Yeye hakuwa na ubaya, leo naliona hilo. Alikuwa anacheka na mimi, na mimi nilihesabu kila kicheko. Miaka kumi na minne nilikuwa natafuta siku moja tu ya kumwonyesha kwamba naweza kulisha watoto kutoka kwenye udongo bila yeye kuniambia inama au inuka.

Siku hiyo ilifika wakati wa vita. Watu walipoanza kuchomeana nyumba, baba yako alikuwa mbali, na sisi wanne tukakimbia kupitia porini sambamba na reli: Nkambo, Ilunga, wewe na mimi. Siku ya nne unga ulikwisha. Pembeni ya njia niliona mmea wa kutambaa uliokauka, ncha za majani yake zimejiviringa kwenye nyasi kama ndoano. Ua moja tu lilikuwa limebaki. Ilunga alilichuma, akakuchomekea kwenye nywele, akakuita mke wa gavana. Mimi nikachimba. Nikapata viazi, vingi, vyeupe ndani. Niliona fahari, mwanangu. Njaa ilikuwepo, lakini fahari ilikuwa kubwa kuliko njaa.

Nkambo alikishika kimoja, akakigeuza, akakinusa.

"Mama Ilunga, hii sijaona muntu akiila. Iache."

"Ni viazi vya porini."

"Viazi vya porini ninavijua. Jani lake ni pana kama moyo. Hii si yenyewe."

Nilikionja kibichi. Kilikuwa kichungu. Na hapo ndipo kosa langu lilipo, kosa la mtu wa kwetu hasa. Tangu utoto nimeona muhogo mchungu ukilowekwa, na maji yakitoa sumu yote, mpaka unakuwa mtamu kwenye meno. Nilidhani uchungu wote duniani una dawa moja. Muhogo tunauweka siku tatu mtoni. Mimi niliviloweka usiku mmoja kwenye sufuria, nikamwaga maji, nikavichemsha.

"Mama Ilunga," alisema tena, "tungoje kesho. Tutapata watu, tutauliza."

Nikamwambia: "Basi lala na njaa, wewe na ujuzi wako."

Akalala na njaa. Mwanamke mzee, aliyekuwa anakubeba mgongoni tangu asubuhi.

Wewe ulikula kimoja ukakitema kingine, ukasema kinawasha ulimi. Ilunga alikula vyake na vyako. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alitaka nione kwamba chakula changu ni kizuri. Alisema, "Mama, unapika kuliko Nkambo." Nami nikamwangalia mama mkwe kuona kama amesikia.

Usiku ule tulianza kutapika, mimi kidogo, wewe zaidi, yeye zaidi ya wote. Nkambo alikwenda kuchota maji mara sijui ngapi, akatunywesha kwa kifuniko cha sufuria. Siku ya tatu Ilunga alisimama, akatembea, akaomba uji. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Tulifika kambi ya wakimbizi nje ya Kalemie akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Siku ya pili kambini damu ilimtoka puani na haikukauka. Aliniuliza kwa nini amechoka hivi na hajabeba kitu. Baba yako alitukuta siku tuliyomzika.

Nilijua? Sikujua. Nilishuku tangu tapishi la kwanza, na papo hapo nikaanza kukusanya labda zangu. Labda kipindupindu, kilikuwepo kambini. Labda maji ya kisima kile. Labda homa ya matumbo. Nilizitunza labda hizo kama mtu anavyotunza vitambulisho.

Wiki mbili baadaye ukaanza kunyonyoka nywele. Nilikuwa nakusuka, zikabaki mkononi mwangu zote za upande mmoja. Wanawake wa kambi wakaja kuangalia. Akaja pia mtumishi mmoja wa maombi, mtu wa sauti ya upole, akaweka mkono kwenye kichwa chako, akasema mtoto huyu analiwa kuanzia juu. Akanigeukia mbele ya watu.

"Mama, chakula cha mwisho mulichokula pamoja njiani. Nani alikikataa?"

Nikasema: "Mama mukwe."

Maneno mawili, Sifa. Yote mawili yalikuwa kweli. Hakuna mtu yeyote atakayeweza kunishika kwa uongo kwa ajili ya siku ile, na mimi mwenyewe nilijitetea kwa hilo miaka mingi. Sikusema ameloga. Sikusema hakuloga. Niliweka kweli moja pale ambapo nyingine ilitakiwa kukaa, na watu wakafanya yaliyobaki.

Kuanzia jioni ile hakuna mwanamke aliyempa moto. Alikwenda kwa kila jiko na kigae chake kuomba kaa moja, nao wakageuza migongo. Baba yako alikuwa amefiwa na mtoto wake wa kwanza, na alikuwa na mahali pa kutupia uchungu wake. Aliukunja mkeka wa mama yake, akauweka njiani.

"Rudi ulikotoka. Umekula mumoja, inatosha."

Nkambo alimpa mwanawe mgongo. Alinitazama mimi.

"Mama Ilunga, sema."

Nilikuwa nafunga kitambaa kwenye kichwa chako kisicho na nywele. Nikakifungua, nikakifunga tena.

"Sema tu."

Akangoja. Kisha akauchukua mkeka, akaifuata reli kurudi kule kule tulikokimbia, kwenye vita, peke yake. Sijui alikula nini njiani.

Baba yako aliishi miaka mitatu baada ya hapo. Wewe unakumbuka ugonjwa wake. Hukuwa chumbani siku ya mwisho, aliponishika mkono akasema nisimruhusu mama yake aje mazikoni. Nilikuwa na nafasi. Tulikuwa wawili tu. Mtu anayekufa angeweza kwenda akimpenda tena mama yake, ilikuwa inataka sentensi moja. Nikamwambia, "Ndiyo." Kuliko yote, hilo ndilo linaloniamsha. Kwa Ilunga nilikuwa mjinga, na ujinga nikiwa na nguvu nausamehe. Kwa baba yako nilikuwa na akili zangu zote.

Na bado sijamaliza. Kila mavuno Nkambo anatuma gunia dogo la karanga kupitia mama mmoja mchuuzi wa treni. Hatumi neno, karanga tu. Miaka yote nimelipokea mlangoni ukiwa shuleni, nikaliuza sokoni, nikanunua karanga nyingine kwa wachuuzi, ili usije ukala kitu chake. Mimi! Niliyejua kwamba mkono wake hauna kitu! Niliogopa karanga zake kwa sababu nilikuwa nimekaa sana kati ya watu wanaoziogopa, au kwa sababu zilikuwa zinakuja bila lawama. Mwaka huu nilikuwa na mapenzi kichwani, nikasahau kuziuza. Karanga ulizobandika, zile alfa na beta zako, zimetoka kwenye shamba lake. Papa Selemani alikula moja, wewe ulikula nyingi. Mtihani umefaulu.

Sitatafuta fundisho kwenye mirija yako. Siku nyingine nilikaa nikitaka kusema kwamba mimi pia ni mrija ulioanguka na vipande vyake vitajenga mwingine, nikajichukia. Seli haina dhamiri, mimi ninayo. Ila somo lako lilifanya jambo moja ambalo maombi hayakufanya: liliniondolea labda zote. Kutapika, siku ya kupona, damu, nywele, ua. Ulizitaja moja moja kwa mpangilio, ukiwa na furaha, huku hujui kwamba unanisimulia jinsi kaka yako alivyokufa. Au ulijua? Niliona umeshika msuko wako ulipofika kwenye nywele. Sikuthubutu kuuliza.

Siku tatu kabla ya ndoa nilimwambia Papa Selemani. Nilimwambia kwa sababu alikuwa amenitazama kwa uso mzuri mno, na sikuweza kuuvumilia uso ule ukimtazama mtu ambaye hamjui. Akaondoa vikombe, akavisafisha, akavipanga, mwanaume ambaye hajawahi kupanga vikombe. Nikadhani amekwenda. Kisha akarudi, akakaa.

"Sifa anajua?"

"Hapana."

"Yule mama mwenyewe, ulimuomba musamaha?"

"Hapana."

"Basi sikia, Bibi Arusi. Kitanda nilichonunua ni cha watu wawili. Huyu wa tatu atatoka, ao mimi nitalala inje na mbuzi."

"Hatuna mbuzi."

"Nitanunua."

Nilicheka na kulia pamoja, na nilimpenda hapo kuliko siku zote. Niliahidi kwamba nitakuambia kabla hujaondoka. Nimengoja mpaka siku ya mwisho, kama kawaida yangu, na nimechagua karatasi badala ya mdomo. Hata ujasiri wangu una woga ndani yake. Labda utakasirika. Kasirika. Labda utaona kwamba nimekuibia nkambo ambaye alikubeba mgongoni siku nne, na ni kweli nimekuibia, na sina cha kukurudishia miaka hiyo. Usiniandikie haraka kunipa nafuu. Ukiniandikia baada ya miezi, nitajua ni barua yako kweli.

Jambo moja tu nimejifunza kwa gharama hii, nami nakupa kama nilivyolipata, si kama sheria. Huko uendako watakuita mwanasayansi, na watu watakuuliza maswali mbele ya wengine. Ukiona jibu lako, ingawa ni la kweli, limewafanya watu wageuke wote kumtazama mtu mmoja asiye na mtetezi, usikae. Ongeza sentensi ya pili. Mimi ilinipita ikiwa mdomoni. Ilikuwa: "Na mimi ndiye niliyepika." Maneno mepesi. Wewe mwenyewe ungeweza kuyaandika ubaoni.

Sikuombi ushuke Nyunzu. Sikuombi umpe Nkambo ujumbe wangu; nimewatumia watu wengine vya kutosha kubeba kitu changu. Akiwa pale na beseni lake la ndizi, fanya utakavyoona, wewe ni mtu mzima. Ila ujue unayemtazama ni nani. Ni mwanamke aliyekataa chakula kibaya, akasema wazi kwamba ni kibaya, na akaadhibiwa kwa kuwa alisema kweli yote.

Papa Selemani ameingia sasa hivi, mikono myeusi. Ameona daftari, hakuuliza. Ameweka papai mezani na kwenda kuoga. Namsikia anaimba nyuma ya ukuta, vibaya sana, na moyo wangu unajaa, na unauma, vyote kwa pamoja. Sikujua kama mwili mmoja una nafasi ya hayo yote mawili.

Tumekubaliana naye hivi. Ile jamii yote ya kambi, wale wanawake wa moto, wengi wao ni watu wa Nyunzu na wamesharudi makwao. Ndio majirani zake sasa. Walisikia maneno yangu mawili, kwa hiyo lazima wasikie na mengine. Sitamnong'oneza Nkambo ndani ya nyumba. Nitaomba chifu wa mtaa awaite watu, nitasimama katikati, nitataja jina langu kwanza, kisha la Ilunga, kisha la ule mzizi, na nani aliuchimba, na nani aliukataza. Wanaweza kunizomea. Yeye anaweza kugeuka akaingia ndani na kufunga mlango, ana haki. Nitakaa uani kwake mpaka anipe jibu lolote. Treni ya baada ya yako tumeshaikatia nafasi, Papa Selemani na mimi. Kabla mwezi huu haujaisha, Sifa, nitakuwa nimefika kwa Nkambo.

Mama yako